Mawe Matatu ya Bibi Zuwena

Ami Seif, ndugu yake Baba, alifika Ibra wiki moja baada ya Idi, akitokea Unguja, na kitu cha kwanza alichokitaka, kabla hata hajavua viatu vizuri, ni kuonyeshwa kaburi la mama yake. Mdogo wangu Said akampeleka alasiri ile ile. Walirudi jua linataka kuzama, kanzu zao zimejaa vumbi mpaka magotini, na Ami akaenda kukaa pembeni ya majlisi, chumba cha wageni. Nilimpelekea kahawa na halua, hakugusa. Said alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawakuliona. Makaburi ya Ibra hayana majina. Hayana marumaru wala maandishi. Ni changarawe na mawe ya wadi, mto mkavu, yaliyosimamishwa, mwanamume mawe mawili, mwanamke matatu, moja kichwani, moja miguuni na moja katikati, basi, yamejipanga hivyo mpaka chini ya mlima. Aliyelijua kaburi la Bibi ni baba yetu, aliyemzika mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na Baba naye sasa yumo humo humo. "Mzee wa msikitini katuonyesha upande tu," Said alisema. "Ami kamwombea dua kila mwenye mawe matatu." Nikataka kucheka na nikataka kulia, kwa sababu Bibi angelifurahi sana kusikia kwamba mwanawe amewaombea wanawake wa Ibra wote kwa kumtafuta yeye.

Nilimwambia Said kwamba kesho nitakwenda na wao mimi mwenyewe, lakini iwe asubuhi, jua linapotoka. Akaniuliza nitaliona vipi wakati hata mazishini sikuwepo, maana wanawake kwetu hatwendi kuzika. Nikamwambia kaburi silijui, nayajua mawe. Nilikaa nayo nyumba moja mwaka mzima, na Said naye alikaa nayo, ila alikuwa mdogo bado, analala mchana, na kwake yeye yalikuwa mawe tu ya nyumbani.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza skuli kwa alama ambazo hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Sikuhuzunika. Nilikuwa na hakika nitakuwa tajiri wa vito, mwanamke mwenye duka la vioo Maskati, na kwenye mawazo yangu nilikuwa nishachagua mpaka rangi ya zulia. Siku hizi ninafanya kazi ya kupokea wageni kwenye kambi moja ya jangwani kule Al Mintirib, nawamiminia watu kahawa na kuwaonyesha mahema yao, na zulia la pale sikulichagua mimi. Lakini ndoto ile haikutoka hewani. Baba alikuwa na rafiki yake sonara huko Nizwa, na Ijumaa moja moja asubuhi, tulipokwenda mnadani kutazama mbuzi, mimi niliachwa dukani kwake. Sonara yule ndiye aliyenifundisha namna ya kutafuta akiki, kito cha kutiwa kwenye pete. Akiki haitafutwi adhuhuri, aliniambia, adhuhuri mawe yote yana sura moja. Inatafutwa asubuhi au alasiri, jua likiwa chini. Unalielekea jua usoni, unakwenda polepole, na mawe mengine yote yanakuwa meusi mbele yako, ila akiki inauingiza mwanga ndani yake, utafikiri mtu kawasha taa kwenye chumba kidogo. Ukiiokota unailamba. Jiwe kavu linakudanganya, jiwe la mate linasema kweli. Nilimweleza Bibi haya yote, naye akaniambia, "Mke mwenzangu, umesomeshwa miaka yote ile, mwisho umefundishwa kulamba mawe."

Aliniita hivyo siku zote, mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, na Babu, ambaye mimi sikumkuta duniani, Bibi alimwita mume wetu. Mahala pake Bibi palikuwa ukumbini, kwenye godoro jembamba karibu na mlango wa chuma wa kijani unaotokea uani. Mlango ule ulikuwa na tabia mbaya. Ukiuacha wazi upepo wa uani unaubamiza, ukiufunga joto linatuua, na siku nzima ilikuwa bamu, bamu, na Bibi akiuapiza kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili. Hapo ndipo alipochambua mchele, hapo ndipo alipokunia nazi, na hapo ndipo simu ya Ami Seif ilipomkuta kila Ijumaa baada ya sala. Mara nyingi mikono yake ilikuwa kwenye unga au tambuu mdomoni, basi hunipa ishara niweke simu kwenye sauti kubwa. Ami husema, "Shikamoo, mama," na Bibi hunikonyeza, "Mwitikie." Nami huitika kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Ami alicheka kila mara, utafikiri ndiyo kwanza anausikia mchezo ule.

Mwaka ule simu zilikuwa na habari moja tu. Ami alikuwa amemaliza kumjengea mama yake chumba, nyuma ya nyumba yake, chumba na choo chake mwenyewe ili asipande ngazi, na alitaka arudi. Maisha yake yote Bibi alikuwa akisema "kwetu", na sisi sote tulijua kwetu ni wapi: Unguja, alikozaliwa. Samaki wa hapa hana ladha, si kama wa kwetu. Mvua ya hapa haina adabu, si kama ya kwetu. Kwa hiyo Ami alipomuuliza, na Bibi akajibu inshallah, tuliona mambo yamekwisha. Nilimsikia Baba jikoni akimwambia Mama kwamba hana ubavu wa kumzuia mtu asirudi kwao. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, akasema, "Na sisi ni nani wake? Wapangaji?"  Baba aliondoka akaenda kuufunga mlango uliokuwa ukijibamiza.

Safari yetu ya kambi jangwani ilikuwa ya kumuaga Bibi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Baba alichukua ruhusa kazini, tukafunga mahema juu ya gari, tukaenda mbele ya Al Mintirib, pale changarawe inapokutana na mchanga, tukapiga kambi chini ya mighafu miwili, miti ya jangwani. Sote tulisema tunakwenda kutafuta akiki. Mimi peke yangu nilikuwa na maana hasa: nilitaka nipate moja nzuri, nimpelekee sonara aitie kwenye pete ya fedha, Bibi aivae huko aendako asitusahau. Nilikuwa nishaiona pete yenyewe kwenye kidole chake, nishamuona na yeye amekaa kwenye kile chumba kipya anaizungusha. Bibi alikuja na vitu vya watu wa harusi. Mikate ya ufuta ndani ya kitambaa, papa mkavu, chupa ya achari ya ndimu, nazi zake, na mbuzi yake ya kukunia, ambayo Mama alimwomba aiache nyumbani naye akasema hajaona mtu akipika wali kwa maji matupu akaita chakula. Jioni Baba alichoma mishikaki, kahawa ikakaa juu ya makaa kwenye birika lake la dele, na tukala kwenye mkeka hali upepo unatutia mchanga kwenye wali. Bibi alitafuna, akasikiliza meno yake, akasema jangwa limeshaanza kutugawia mawe kabla hatujayatafuta.

Asubuhi tulitawanyika. Nilikwenda kama nilivyofundishwa, jua usoni, na dunia nzima mbele yangu imegeuka nyeusi. Nililamba mawe mpaka ulimi ukawa kama msasa. Niliipata, ndiyo, mara moja tu, ndogo kuliko kokwa ya tende, rangi ya chai ya rangi, na nilipoiinua iliwaka mpaka moyo ukaniruka. Nikamkimbilia Bibi. Alikuwa ameinama kwenye mkondo mkavu wa wadi, amelipa jua mgongo, mambo yote aliyoyakataza sonara. Miguuni kwake palikuwa na jiwe refu la kijivu, baya, lisilo na lolote. Alilisimamisha kwenye mchanga, akalisukuma kwa kidole kimoja. Likayumba. Akaliacha akachukua jengine, akalisimamisha, akalisukuma. Nilimwonyesha akiki yangu. Aliishika juu ya jua, akaniambia mashallah kwa upole wa kweli, akanirudishia.

"Na wewe umepata nini?" nikamuuliza.

"Ninatafuta linalosimama."

Nikamwambia hayo ni mawe ya kujengea, hata mwizi hayataki. Akasema ndiyo uzuri wake. Nilimbebea moja mpaka kwenye gari, likanichubua mikono, na kila hatua nilimfanyia mzaha: kwamba anataka kumpelekea Ami Seif zawadi ya kuvunjia miguu, kwamba ndege haitapaa. Yeye alibeba la pili. La tatu tulilishika pamoja, upande huu na upande huu. Aliyafunga kwenye kanga yake kuukuu akayatia chini ya mikeka, nyuma kabisa. Ninapokumbuka sasa, alikuwa anahema sana, na alinitazama nilivyokuwa nikicheka kama anayetaka kulitunza jambo. Mimi nilidhani amefurahi na safari. Huenda alifurahi kweli.

Siku ya kurudi gari likazama. Baba alikata njia kwenye mchanga laini badala ya kuzunguka, na mipira ikachimba mpaka chuma kikalala chini. Kila mtu wa huku anajua la kufanya: unapunguza upepo wa mipira, unapunguza mzigo, unachimba. Bibi na Said walikaa kivulini, mimi na Mama tukashusha mahema na maji, na Baba, jasho linamtoka na hasira ya mtu aliyejikosesha mwenyewe, akaingia nyuma kutafuta chengine cha kutoa. Akakuta kanga. Akaifungua, akasema nani katia takataka hizi, ndiyo maana tumezama. Akalichukua jiwe la kwanza akalitupa mbali kwenye mchanga. Akalitupa la pili. La tatu alilichukua, akalinyanyua mpaka kifuani, kisha akasimama.

Sikufahamu kwa nini amesimama. Mimi sikuwa nimewahi kuona mtu akizikwa. Baba alikuwa amezika baba yake, na majirani, na rafiki zake; alitazama kanga tupu, akatazama mahali yalipoangukia yale mawili, na nikaona midomo yake ikihesabu. Kisha akalishusha lile jiwe taratibu kabisa, utafikiri ni kikombe kilichojaa, akaenda kuchutama mbele ya mama yake.

"Mama, matatu haya ya nini?"

Bibi alikuwa anamlaza Said kwenye paja. "Unayajua ya nini," alisema.

"Una maradhi usiyotwambia?"

"Nina uzee. Huo mnauona."

Mama alikuja na kopo la maji mkononi, akasikia, akasema mambo haya ya kujichimbia kaburi mtu mzima si mazuri, ni kuita mauti. Bibi akamwambia hakuchimba, ameokota tu. Hakuna aliyecheka. Baba akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, kwamba si alisema inshallah? Si anarudi kwao? Na Bibi akasema maneno marefu kuliko yote niliyopata kuyasikia kwake bila ya mzaha ndani yake.

"Nilikwenda Unguja mwaka wa harusi ya Seif. Nikapotea mtaa niliozaliwa. Kitoto kidogo kikanishika mkono, kikanambia njoo mama Muarabu nikuonyeshe njia. Na huku mimi naitwa Zinjibari mpaka leo, dukani, hospitali, kwa jirani. Sikasiriki. Nimezoea. Lakini nikishalala nataka nilale karibu ya mume wangu, pahala ambapo hapana wa kuniuliza mimi wa wapi."

"Na Seif? Kajenga chumba."

"Seif nitamwambia mimi. Wewe kaniletee mawe yangu."

Baba alikwenda. Alitembea juani kwenye ule mchanga, akalifukua la kwanza, akalifukua la pili, akayafuta kwa mkono wa kanzu yake. Akayarudisha yote garini kabla hata hajaanza kuchimba mipira, na tukachimba na mzigo ule ule ndani, mpaka gari likatoka. Njia nzima mpaka Ibra nilikuwa na akiki yangu ndani ya ngumi, na sikujua tena ni ya kumpa nani. Nilikuwa na furaha kwamba haondoki, na nikaiogopa furaha yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshafahamu bei yake.

Ningependa kusema kwamba Ami Seif alielewa. Bibi alimwambia Ijumaa iliyofuata, na safari hii alikiondoa kidole changu kisibonye sauti kubwa, akaiweka simu sikioni mwenyewe. Nilisikia upande wake tu. Alisema chumba ampe binti yake. Alisema hapana, hakuna aliyemkataza. Kisha akasikiliza kwa muda, akasema, "Usiseme hivyo, mwanangu," na simu ikakatika. Ami hakupiga tena. Kila Ijumaa baada ya sala Bibi aliiweka simu mapajani, mikono ameiosha, mdomo hauna tambuu, tayari. Baba alimpigia ndugu yake mara nyingi. Sijui walisemezana nini. Najua Baba alikuwa akirudi ndani anajishughulisha na kitu chochote kilicho karibu, kufunga bomba, kugeuza godoro.

Na mawe yakakaa. Mama alitaka yafichwe stoo, Bibi akasema kitu kikikaa bure kinaleta huzuni, kipewe kazi. Basi la kwanza likapewa kazi ya ule mlango. Liliegemewa na mlango wa kijani mchana kutwa, na upepo ulipovuma mlango ulisuguana nalo, mpaka ubavuni mwa jiwe pakaingia rangi. La pili alivunjia nazi. Alizigonga kwenye ncha yake, maji yakimiminika bakulini, na ncha ile ikamong'onyoka kidogo kidogo, ikawa kama kinywa cha kikombe kilichovunjika. La tatu lilikuwa na mshipi mweupe mwembamba kiunoni, na juu yake aliweka chetezo cha udi. Wageni walikanyaga karibu yake, walifukizwa juu yake, walikula wali wa nazi yake, na hawakujua. Mimi mwanzoni sikuweza kuyatazama. Nilipita ukumbini nimegeuza shingo. Siku moja Bibi akanishika pindo la nguo, akanikalisha juu ya lile la mlango, akanisuka nywele nikiwa pale pale, polepole, huku akinisimulia namna mume wetu alivyokuwa akikoroma. Baada ya hapo niliyazoea. Mchana wa joto, mlango ukiwa wazi na nyumba imetulia, nilikuwa nayasahau kabisa, na nafikiri ndivyo alivyotaka.

Sonara aliitia akiki kwenye pete hata hivyo. Bibi aliivaa mara moja, akasema vidole vyake vimekonda, akanivalisha mimi. Siku zake za mwisho alikuwa analala sana. Nilikuwa ninamlowesha midomo kwa pamba, akafumbua macho, akaitazama simu iliyokuwa juu ya mto, akasema, "Akipiga Seif, mwitikie." Nikamwambia nitamwitikia.

Alifariki mwanzo wa baridi, asubuhi. Wanaume wakaja kumchukua. Sisi wanawake tulibaki ukumbini, na Baba alirudi ndani peke yake, macho mekundu, akalinyanyua la udi, akalipeleka garini, akarudi akalinyanyua la nazi. La mwisho lilikuwa la mlango. Alilikumbatia akatoka nalo, na sauti za wanaume zikawa zinakwenda mbali kwa shahada, na nyuma yao upepo wa uani ukaushika ule mlango ukaubamiza. Mama alishtuka kama aliyepigwa. Hakuna aliyeinuka kuufungua.

Basi asubuhi niliyomwahidi Said tulikwenda, mimi, yeye na Ami Seif, jua linatoka. Mama alisita kidogo kuhusu mwanamke kwenda makaburini, kisha akanipa ubani wa kufukiza nguo nikirudi. Ami alitembea nyuma yangu. Amezeeka, mgongo wake ni mgongo wa Bibi. Nililielekea jua usoni kama ninatafuta akiki, na makaburi yote yakawa meusi mbele yangu, mawili, matatu, matatu, mawili, na kila kasoro ya jiwe ikatoa kivuli chake. Ile ncha iliyomong'onyoka ndiyo niliyoiona kwanza. Nikachutama. Katikati lilisimama la mshipi mweupe, limeinama kidogo. Na kichwani, upande wa chini, palipokaribia changarawe, nilifuta vumbi kwa kidole, nikalilowesha jiwe kwa mate kama nilivyofundishwa, na rangi ya kijani ikatoka.

Ami aliuliza hiyo rangi ni ya nini. Nikamweleza habari za mlango. Nikamweleza na nazi, na udi, na simu ya mapajani, kwa sababu nilimwona anataka kuambiwa yote. Aliuliza nani aliyeyachagua, nikamwambia ni Bibi mwenyewe. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti, akalishika lile jiwe la katikati kwa mikono miwili, akalinyoosha, akalishindilia changarawe pembeni, kwa uangalifu wa mtu anayemrekebishia mgonjwa mto. Halafu akalisukuma kwa kidole kimoja. Likasimama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akangoja, kichwa chini. Said alinitazama. Sauti nzito ya kizee niliyokuwa nikicheza nayo siku zile sikuwa nayo tena. Nilikuwa na yangu tu.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. "Hujambo?"